Wairaqw walitoka Irak? Wachaga walitoka Ethiopia? Tuzungumze asili zetu watu wa Kaskazini kwa ushahidi wa vinasaba

#1 Mwana wa Kibosho (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kila Desemba tukipanda mlimani kuhesabiwa, hoja ni ile ile. Mbege ikishazunguka, babu mmoja atasema ukoo wetu ulitoka Ukambani, mwingine Upareni, mwingine Taita, na kijana aliyesoma kitu kwenye simu atasisitiza kwamba Wachaga ni Waethiopia. Ukishuka Arusha utasikia Wameru wametoka Usambara. Ukifika Karatu na Mbulu utaambiwa Wairaqw walitembea kwa miguu kutoka Irak mpaka bonde la ufa.

Hadithi hizi nazipenda na sina nia ya kumvunjia mzee yeyote heshima. Ila kuna elimu nyingine imekua kwa kasi miaka hii, ya kusoma historia ndani ya vinasaba, na sehemu yake kubwa imechimbwa hapa hapa kwetu: Babati, Kondoa, ziwa Eyasi, Iringa. Watu wa vyuo vya mbali wanaijua, sisi wenye ardhi na wenye damu hiyo tunaisikia kwa mbali. Hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Kwanza tuelewane inavyofanya kazi. DNA ya mtu, yaani ule ujumbe wa kurithi ulio ndani ya mwili wake, ni kama maandishi yenye herufi bilioni 3, na watu wawili wowote duniani wanafanana kwa takribani asilimia 99.9. Historia yote tunayoitafuta iko kwenye hicho kidogo kilichobaki. Kila mtoto anapotungwa, herufi makumi kadhaa hunakiliwa tofauti na zilivyokuwa kwa wazazi, na makosa hayo yeye naye huwarithisha wanawe. Mwalimu akisahihisha mtihani akakuta wanafunzi wawili wamekosea swali moja kwa kosa lile lile la ajabu, hana haja ya kuuliza: wamenakili mahali pamoja. Ndivyo wataalamu wanavyofanya. Watu wawili wenye kosa moja adimu wamelipokea kwa babu au bibi mmoja. Na kwa kuwa makosa hujilimbikiza kwa kasi inayokadirika, ukihesabu wanapotofautiana unapata makadirio ya lini njia zao ziliachana.

Kuna njia mbili zilizo rahisi kufuata. Ya kwanza ni kromosomu Y, kifurushi cha DNA walicho nacho wanaume, inayotoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume karibu bila kuchanganywa na kitu. Kwetu ukoo unafuata baba, kwa hiyo mwanamume wa ukoo fulani leo, kama hapakutokea jambo katikati, amebeba kromosomu Y ya mzee mwanzilishi. Hata mila ya kurithi mjane haikukata mnyororo huo, maana ndugu wa marehemu anayo ile ile. Ya pili ni DNA ya mitokondria, vile vijumba vya nguvu ndani ya seli, fupi sana, herufi 16,569 tu. Mama huwapa watoto wake wote, lakini binti ndiye anayeipeleka mbele.

Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichukua mitokondria za watu 147 kutoka pande mbalimbali za dunia, wakazipanga kwa makosa yanayofanana. Matawi yote yalirudi kwa mwanamke mmoja, ambaye walikadiria aliishi Afrika kama miaka 200,000 iliyopita. Magazeti yakamwita Hawa. Hakuwa mwanamke pekee wa zama zake. Walikuwepo wengine wengi, ila wakati fulani kila mmoja wao alifika kwenye kizazi ambacho mnyororo wake wa mama-kwa-binti ulikatika. Wa huyu haukukatika.

Kwenye mti ule kuna tawi linaloitwa L3, lililochipuka Afrika, pengine upande wetu wa Mashariki, kama miaka 70,000 iliyopita. Kutoka L3 yalizaliwa matawi mawili, M na N, na kila mtu ambaye asili yake ni nje ya Afrika, awe Mchina, Mjerumani, Mwaborijini wa Australia au Mhindi Mwekundu wa Amazon, upande wa mama anaangukia M au N. Ndugu zangu, hebu tulieni hapo kidogo. Dunia nzima nje ya Afrika ni kijitawi cha tawi moja la kwetu. Ndiyo maana tofauti za vinasaba ni nyingi Afrika kuliko kwingineko: waliotoka walikuwa wachache, waliobaki walibaki na wingi wote.

Sasa turudi kwenye koo. Una wazazi 2, mababu na mabibi 4, kisha 8, 16. Vizazi 10 nyuma ni nafasi 1,024. Vizazi 20 nyuma, kama miaka 500 hadi 600, ni zaidi ya milioni moja. Mlimani wakati ule hapakuwa na watu milioni, maana yake watu wale wale wanarudia kwenye nafasi nyingi, na mimi na wewe tunakutana mara kadhaa bila kujua. Babu anaposema "tulitoka Ukambani", anazungumzia nafasi moja kati ya hizo milioni: baba wa baba wa baba. Anaweza kuwa anasema kweli tupu. Lakini zile nyingine zote, mabibi waliotoka Kahe, Upareni, Umasaini, Ugweno, hakuna aliyewasimulia, nao ndio sehemu kubwa ya damu yako.

Karibuni tuchangie.

#2 Dada wa Babati

Kaka, nimesoma hadi mwisho, asante. Mimi mama ni Mwiraqw, baba Mgorowa. Kwetu habari ya kutoka mbali kaskazini tumesimuliwa na watu waliokufa kabla ya simu kuja, kwa hiyo tusiambiwe ni mambo ya mtandaoni. Umegusa Irak kisha ukapita. Jibu hilo.

#3 Mwana wa Kibosho

Dada yangu, una haki, na hili ndilo lililonisukuma kuandika, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Kule kwenu Babati kuna mahali panaitwa Luxmanda, makazi ya wafugaji wa zamani, enzi ambayo chuma kilikuwa hakijafika huku. Wachimbaji walikuta mifupa ya mtu aliyezikwa pale kama miaka 3,100 iliyopita. DNA yake ilisomwa na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Karibu asilimia 38 ya nasaba yake ilifanana na ya wakulima wa kwanza wa Mashariki ya Kati, upande wa Palestina, Israeli na Yordani ya leo. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya Kiafrika, karibu na ya wawindaji wa kale wa Ethiopia.

Kwa hiyo wazee waliosema "kaskazini, mbali" hawakutunga. Ila Irak haimo, na kufanana kwa jina si ushahidi wa kitu. Kilichotokea ni safari ya maelfu ya miaka, bila kabila moja kufunga mizigo na kuondoka siku moja. Sahara ilikuwa mbichi, ina nyasi na maziwa ya maji, kuanzia kama miaka 11,000 iliyopita hadi kama 5,000. Watu wenye mifugo na damu ya Mashariki ya Kati waliingia kaskazini-mashariki mwa Afrika, wakachanganyika na watu waliofanana na Wasudani wa leo. Sahara ilipokauka, wafugaji wakasogea kusini, wakafika ziwa Turkana, kisha wakashuka na bonde la ufa hadi kwenu, na njiani wakaoana na wawindaji waliowakuta. Mwaka 2019 vilichapishwa vinasaba vya watu wa kale 41 wa Kenya na Tanzania, wengine kutoka pango la Gishimangeda karibu na ziwa Eyasi, na vinaonyesha hatua hizo za kuchanganyika moja baada ya nyingine.

Na hapa ndipo ninapotaka kukazia. Damu hiyo ya Luxmanda si ya Wairaqw peke yao. Wamasai wanayo kwa wingi, pamoja na nasaba ya Waniloti wa upande wa Sudan Kusini. Imepatikana pia kwa Wabantu wa Afrika Mashariki, kwa viwango mbalimbali. Mtu wa Mbulu akijigamba nayo, ajue jirani yake Mmasai aliyekuwa akigombana naye kwa ng'ombe miaka mia mbili anayo vilevile.

#4 Fundi Maabara

Nyongeza fupi, kwa sababu watu huwa wanauliza mbona hatupimi Zinjanthropus au wale wa Laetoli. DNA huharibika, na joto huiharibu haraka. Zinj aliyeokotwa na Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959 ana kama miaka milioni 1.75, na nyayo za Laetoli kama milioni 3.66. Katika jamii ya binadamu, DNA ya zamani zaidi iliyowahi kusomwa ina kama miaka 430,000, nayo ilitoka kwenye pango la baridi kule Hispania. Kwa nchi ya joto kama yetu, kupata ya miaka elfu kadhaa ni kazi kubwa. Kilichosaidia ni kugundua kwamba mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani hutunza DNA kuliko mifupa mingine. Kwa hiyo tusichanganye mambo: Olduvai inatuambia habari za mamilioni ya miaka kwa mawe na mifupa, vinasaba vinatuambia habari za watu kama sisi.

#5 Mwana wa Kibosho

Umesema vizuri mkuu. Na rekodi ya kwetu si haba: Mlambalasi, Iringa, wamesoma DNA ya mtu aliyeishi kama miaka 18,000 iliyopita. Ilichapishwa mwaka 2022 pamoja na ya Kisese, Kondoa. Hizo ni zama za barafu huko kaskazini mwa dunia, na hapa watu wapo, wanatunga shanga za maganda ya mayai ya mbuni.

Utafiti ule ulionyesha jambo lililonigusa. Zamani sana, pengine kuanzia kabla ya miaka 50,000 iliyopita, watu wa Mashariki, Kusini na Kati mwa Afrika walichanganyika kwa umbali mkubwa. Baadaye, kama miaka 20,000 iliyopita, watu wakaanza kuoana karibu karibu, bonde kwa bonde. Tofauti nyingi tunazoziona kati ya jamii za wawindaji zilijengeka kwa kukaa hivyo.

#6 Kijana wa Ngaramtoni

Mimi ni Mwarusha. Kwetu mtu mzima anakunywa maziwa lita nzima na anaenda shamba. Shemeji yangu wa Mbeya akinywa kikombe tumbo linamsumbua usiku kucha. Hilo nalo ni vinasaba?

#7 Mwana wa Kibosho

Ndiyo kabisa kijana, na ni mfano ninaoupenda kuliko yote.

Mtoto mchanga ana kimeng'enya cha laktasi kinachovunja sukari ya maziwa. Kwa watu wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua utoto ukiisha, na mtu mzima akinywa maziwa mabichi tumbo hujaa gesi. Shemeji yako hana ugonjwa, ndiyo hali ya asili ya binadamu. Wazungu wengi wana badiliko la herufi moja linaloacha laktasi ikiendelea maisha yote. Watu wakadhani Wamasai nao wamelipata kwa Wazungu au Waarabu.

Mtafiti wa vinasaba Sarah Tishkoff na wenzake wakapima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakiwanywesha sukari ya maziwa na kupima sukari kwenye damu. Mwaka 2007 wakatoa jibu: wafugaji wa kwetu wana badiliko lao wenyewe, herufi tofauti na ile ya Wazungu, jirani tu kwenye sehemu hiyo hiyo ya kinasaba. Lilizuka hapa Afrika Mashariki ndani ya miaka kama 7,000 iliyopita na likaenea haraka mno, kwa sababu wakati wa ukame aliyeweza kuishi kwa maziwa ndiye aliyeacha watoto.

Badiliko hilo hilo la kwetu limekuja kukutwa kwa Wanama, wafugaji wa Namibia na Afrika Kusini. Maana yake wafugaji kutoka huku walifika hadi ncha ya bara, kama miaka 2,000 iliyopita. Hakuna kitabu kilichoandika safari hiyo. Imeandikwa kwenye matumbo ya watu.

#8 Mzee wa Rau

Vijana, nawasoma. Mimi nilisimuliwa na bibi yangu habari za Wakonyingo, watu wafupi waliokaa mlimani kabla yetu. Wasomi wengine wanazifanya ngano za watoto. Huyo Tishkoff wenu anasemaje?

#9 Mwana wa Kibosho

Shikamoo mzee wangu, asante kwa kutia neno.

Kwamba kabla ya wakulima eneo hili lote lilikuwa na wawindaji, hilo halina ubishi tena. Wahadza wapo ziwa Eyasi mpaka leo, zaidi kidogo ya watu elfu moja, na Wasandawe wapo Kondoa na Chemba. Wote wana sauti za kubofya katika lugha, lakini vinasaba vinaonyesha njia zao ziliachana zaidi ya miaka 15,000 iliyopita. Watu wa Mlambalasi na Kisese ni jamii ya namna hiyo. Babu zetu Wabantu, waliotoka mpakani mwa Nigeria na Kameruni wakaanza kusambaa kama miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita, walipofika huku hawakukuta pori tupu. Walikuta wawindaji, wakawakuta na wafugaji wa ukoo wa Luxmanda.

Kilichofuata hakikuwa sawa kila mahali. Malawi, wakulima walipoingia, nasaba ya wawindaji wa kale ilipotea karibu yote, na watu wa huko leo hawana hata chembe kubwa ya nasaba ya wale ambao mifupa yao ilichimbwa kwenye ardhi hiyo. Kwetu Kaskazini watu walioana. Kwa hiyo mzee, bibi yako alipokwambia mlima ulikuwa na wenyewe kabla yetu, mimi simwiti mtunga ngano. Na naona ni haki tuseme kwamba wengine kati ya hao "wenyewe" ni mabibi zetu.

#10 Mzee wa Rau

Marahaba. Hapo umenijibu kiume. Endelea.

#11 Mtu wa Pangani

Mie wa pwani, nafanya kazi Moshi mjini. Na sisi tunaosemwa Washirazi? Wasomi wa zamani walituambia tulijitungia Uajemi ili tuonekane bora.

#12 Mwana wa Kibosho

Ndugu yangu, mwaka 2023 vilichapishwa vinasaba vya watu 80 wa kale kutoka miji ya pwani na jirani zake, Manda, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na kwingineko, waliozikwa kati ya miaka 1250 na 1800. Mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba ni mmoja wa walioongoza kazi hiyo. Kwa wengi wao upande wa mama ni wa Kiafrika karibu wote. Upande wa baba umejaa nasaba ya Kiajemi, na kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000, muda ule ule unaokaribiana na masimulizi ya Kilwa kuhusu kuja kwa Washirazi. Nasaba ya Kiarabu iliongezeka karne za baadaye. Waajemi walikuja kweli. Na mji, lugha na nyumba vilikuwa mikononi mwa wanawake wa Kiafrika waliowaoa, maana Kiswahili kilibaki kuwa Kibantu na watoto hawakuzungumza Kiajemi. Pande zote mbili za ubishi ule wa wasomi zilikuwa zimeshika nusu ya kitu.

#13 Dada wa Babati

Nimeelewa na nimeridhika na Luxmanda. Sasa swali la watu wa kawaida: mtu akitaka kujipima ajue asili yake, aende wapi na alipe nini?

#14 Mwana wa Kibosho

Dada, kwa Mkemia Mkuu wa Serikali huwezi kwenda kwa ajili ya asili. Vipimo vya pale viko chini ya sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na ni vya mambo kama utata wa uzazi, jinai na utambuzi wa miili, tena maombi yapitie kwa wanaotambuliwa kisheria kama mahakama, wakili au ustawi wa jamii.

Wengine wanatuma mate kwa makampuni ya nje. Nawaomba mjue mambo mawili kabla. Kampuni haisomi neno "Mwiraqw" ndani ya DNA yako. Inakulinganisha na watu iliowahi kuwapima, na waliopimwa wa kwetu ni wachache. Mradi mkubwa wa kimataifa wa kusoma DNA nzima za watu, uitwao 1000 Genomes, ulipofungwa ulikuwa na watu 2,504 wa jamii 26, na Afrika Mashariki nzima iliwakilishwa na Waluhya wa Webuye, Kenya. Hakuna jamii hata moja ya Tanzania. Mchaga akipimwa kwa kipimio hicho ataambiwa ni "Mkenya" kwa asilimia kadhaa, halafu anarudi kijijini kuwabishia wazee. Matokeo hayo yanaonyesha nani alipimwa, hayakuonyeshi babu yako alilala wapi.

La pili ni usiri. Kampuni ya 23andMe ilivamiwa na wadukuzi mwaka 2023, taarifa za watu karibu milioni 7 zikavuja, na mwaka 2025 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

#15 Fundi Maabara

Na ukituma mate yako hujajitoa wewe peke yako. Ndugu yako wa baba na mama mmoja anachangia na wewe karibu nusu ya vinasaba, watoto wako vilevile. Kwa hiyo ni jambo la kukaa na familia kwanza. Hao Wahadza wamepimwa na watafiti wa kila aina kwa miongo mingi, na mimi naona kila utafiti mpya ungetakiwa urudi ziwa Eyasi kuwasomea majibu kwa lugha yao kabla ya kuchapishwa popote.

#16 Mwana wa Kibosho

Naunga mkono asilimia mia. Na Wahadza wasiwe peke yao, hata kijiji cha Luxmanda kisomewe.

Kwa walioko Arusha wenye watoto, pale Boma la Mjerumani kuna Makumbusho ya Elimu Viumbe, yana sehemu ya chimbuko la binadamu. Wapelekeni siku ya Jumamosi, ni mjini hapo hapo. Mzee wa Rau, naomba nikutafute inbox. Ukikubali, nataka uniorodheshee mama wa bibi yako, na mama yake, na walikotoka kuolewa, mpaka kumbukumbu yako itakapokomea. Dada wa Babati, na wewe vivyo hivyo kwa upande wa Mama Mwiraqw. Upande wa baba tunao kwenye majina yetu. Huu wa pili nitaufungulia uzi wake wiki ijayo, na kila mtu aje na majina ya kike anayoyakumbuka na vijiji walikotoka.